Umepata Barua ya Chuo Kidogo cha Marekani? Hesabu Vichwa Kabla ya Kulipa

Binti wa shangazi yangu yuko Mombasa, nami niko katikati ya Marekani, huku mji unakoishia na mashamba ya mahindi yanaanza papo hapo. Siku moja ya Februari alinitumia ujumbe wa sauti alfajiri: "Kaka, nimepata!" Aliomba masta ya biashara Jumatatu, na Ijumaa barua ikawa imeshamfikia. Ndani mna pongezi, punguzo la ada la dola 8,000 kwa mwaka lililopewa jina la mfadhili, na kiungo cha kulipia dola 300 za kushikilia nafasi ndani ya siku 14. Mwisho wa ujumbe akauliza, "Hiki chuo ni kizuri?"

Sikuwa na jibu, ingawa chuo chenyewe nakijua. Swali ndilo halijibiki. Chuo cha wanafunzi 1,500 kinaweza kuwa na masta ya uuguzi inayoheshimiwa jimbo zima, na ghorofa ya juu ya jengo hilohilo kukawa na masta ya biashara iliyoanzishwa juzi ili kuziba pengo la bajeti. Kwenye chuo kikuu cha watu 40,000, programu ina wanafunzi 200 na walimu 25, kwa hiyo wastani una maana yake. Kwenye chuo kidogo, programu yako huenda ina watu tisa na walimu wawili. Mwalimu mmoja akihama, nusu ya programu imehama naye.

Basi acha kupima chuo. Pima programu, na uipime kwa vichwa: wangapi waliingia, wangapi wakatoka, wako wapi sasa, nani anawafundisha. Ukipewa asilimia, uliza ni ya watu wangapi. Haya yafuatayo ndiyo niliyofanya na huyo dada yangu kwa muda wa wiki mbili, kwa simu na kompyuta tu.

Hatua ya kwanza: mlango uko wazi kwako?

Hii ni fupi lakini itangulie. Juni 2025 Marekani ilitangaza mazuio ya kuingia nchini kwa raia wa nchi kadhaa, na Burundi ikawekewa zuio la sehemu linalogusa hata viza za wanafunzi. Desemba mwaka huohuo orodha ikarefushwa, na Tanzania ikaingia. Mambo haya hubadilika kwa tangazo moja, kwa hiyo soma ukurasa wa ubalozi siku ileile unayotaka kulipa chochote, usitegemee aliyoyasikia jirani. Ofisi ya udahili ya chuo itakukubali hata kama viza huipati. Kazi yao ni kudahili.

Ikiwa tayari uko huku na una uraia au grini kadi, ruka aya hiyo, lakini hatua nyingine zote zinakuhusu, hasa ya gharama.

Hatua ya pili: ithibati, tena mbili

Ya kwanza ni ithibati ya chuo kizima. Vyombo vinavyojulikana zaidi ni vile vilivyozoeleka kuitwa vya kikanda: HLC, MSCHE, NECHE, NWCCU, SACSCOC na WSCUC. Usiridhike na nembo iliyo chini ya tovuti ya chuo, nembo hupakuliwa na yeyote. Ingia kanzidata ya Wizara ya Elimu ya Marekani iitwayo DAPIP, andika jina la chuo, soma kama ithibati ipo hai, ina onyo, au imewekwa chini ya uangalizi. Tazama pia ni chombo gani kimeitoa, kwa sababu hata chombo chenyewe kinaweza kukosa kibali. ACICS, kilichokuwa kikitoa ithibati kwa vyuo vingi vya kibiashara, kilinyang'anywa utambuzi wa serikali mwaka 2022.

Ukidhani huu ni woga wa kupita kiasi, kumbuka kisa cha University of Farmington kule Michigan. Kilikuwa na tovuti, nembo, ofisi, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya chombo cha ithibati. Takriban watu 600 walijiandikisha, na wengi walilipa ada. Mwanzoni mwa 2019 ikabainika kuwa chuo kile kilianzishwa na maofisa wa uhamiaji wenyewe kama mtego. Hakikuwa na mwalimu hata mmoja wala darasa. Walionaswa wengi walitoka India, lakini mtego haukuwa na macho ya kuchagua.

Ithibati ya pili ni ya programu, na hapa ndipo watu wetu wengi huumia kimyakimya. Masta ya ustawi wa jamii isiyo na ithibati ya CSWE ni vigumu sana kukupa leseni ya kazi. Uuguzi tafuta CCNE au ACEN. Ushauri nasaha tafuta CACREP, afya ya jamii CEPH. Biashara ina AACSB, ambayo vyuo vidogo vingi havina, na ACBSP au IACBE, ambazo huwa nazo. Kukosa AACSB si msiba, maana biashara haihitaji leseni. Kukosa CSWE kwa mtu anayetaka kuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii ni kununua gari lisilo na injini. Halafu leseni hutolewa na jimbo, kwa hiyo ukisoma Iowa kwa nia ya kufanya kazi Texas, soma masharti ya Texas.

Anayekusudia kurudi nyumbani aulize mapema chombo cha kwao kama shahada hiyo itatambuliwa: CUE kwa Kenya, TCU kwa Tanzania, NCHE kwa Uganda. Uliza hasa kama masomo yana sehemu kubwa ya mtandaoni.

Hatua ya tatu: hesabu vichwa

Hapa tulikaa siku nne, na ningekuwa na hatua moja tu ya kukuachia ingekuwa hii.

Fungua College Navigator, tovuti ya takwimu ya serikali ya Marekani. Andika jina la chuo. Utaona vichwa vingi vya kubofya, na kile cha asilimia ya wanaohitimu kitakuvutia kwanza. Kipite. Asilimia ile ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza peke yao, waliotoka sekondari wakaanza chuo kwa mara ya kwanza. Serikali haikusanyi asilimia kama hiyo kwa masta. Ofisi za udahili zinalijua hilo, na bado utakuta namba ileile imetandazwa kwenye ukurasa wa programu za uzamili.

Shuka hadi kwenye jedwali la programu. Kila somo lina mstari wake, na safu zinaonyesha shahada zilizotolewa mwaka mmoja: ya kwanza, ya uzamili, ya uzamivu. Tafuta somo lako, kisha pita kwa kidole hadi safu ya uzamili. Dada yangu alikuta 7. Watu saba walitunukiwa masta ile mwaka mzima. Kwenye tovuti ya chuo, picha ya kwanza ya programu hiyohiyo ilikuwa na watu kumi na wawili wakicheka mezani.

Saba si namba mbaya yenyewe. Madarasa ya watu saba yana raha yake: mwalimu anakujua kwa jina, na barua yake ya kukutambulisha inakuwa na uzito. Swali ni saba hao walitoka katika wangapi walioingia, na kama mwaka uliotangulia walikuwa kumi na tano. Ikiwa ni programu mpya, mstari wake utasoma sifuri au utakuwa haupo kabisa, na hapo wewe ndiye unayejaribiwa dawa.

Kisha angalia walimu. Kwenye ukurasa wa idara, tenga walimu wa kudumu na wale wa kuja kufundisha kozi moja wakaondoka. Vyuo vidogo huwachanganya kwenye orodha moja kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo soma cheo cha kila mmoja. Programu ya masta yenye mwalimu mmoja wa kudumu inaning'inia kwenye uzi.

Baada ya hapo tafuta ratiba ya kozi ya mihula minne iliyopita. Usichanganye ratiba na katalogi. Katalogi ni kama menyu ya mgahawa wa kituo cha basi, ina pilau, biriani na samaki wa kupaka, ukiagiza unaambiwa leo kuna wali maharage. Ratiba ndiyo inayoonyesha kilichopikwa kweli. Linganisha kozi za lazima na zilizofundishwa, uone kila moja hutolewa mara ngapi.

Nalisema hili kwa uchungu. Masta yangu niliisoma kwenye chuo cha namna hii, jina nitalihifadhi. Tulianza kumi na mmoja. Muhula wa tatu, mwalimu wa takwimu alipata kazi kwingine, na kozi yake ikafutwa siku nne kabla ya masomo kuanza. Ilikuwa ya lazima na hutolewa mara moja kwa mwaka. Kwa mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hilo si suala la ratiba tu, kwa sababu lazima usome mzigo kamili, ambao kwa masta katika vyuo vingi ni krediti 9 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) kwa muhula, na kozi ya mtandaoni inayohesabiwa humo ni moja tu, isiyozidi krediti 3. Nilizunguka ofisi tatu siku ya theluji nikitafuta kozi yoyote ya kunifikisha tisa. Nikaangukia kozi ya uongozi wa michezo. Sijawahi kuitumia. Nilihitimu nikiwa nimechelewa muhula mmoja, nikilipia chumba, bima na ada kwa miezi mitano ambayo haikuwa kwenye hesabu zangu. Katika wale kumi na mmoja, tuliovaa joho tulikuwa sita.

Hatua ya nne: waliotoka wako wapi?

Serikali ina tovuti nyingine, College Scorecard, iliyofunguliwa 2015. Inaonyesha kipato cha wahitimu na deni lao, hata kwa kila somo na kila ngazi. Ni chombo kizuri, lakini kina matundu mawili yanayomhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. La kwanza, kipato kinachoonyeshwa ni cha waliopokea msaada wa fedha wa serikali kuu. Mwanafunzi wa kigeni hapewi msaada huo, kwa hiyo hayumo. Unachosoma pale ni kipato cha Mmarekani ambaye huenda alikuwa na kazi kabla ya kuanza masta na anaruhusiwa kuajiriwa popote. La pili, watu wakiwa wachache mno namba hufichwa kulinda siri zao, na kwenye chuo kidogo hiyo ndiyo hali ya kawaida. Utakuta nafasi tupu. Utupu huo haumaanishi ubaya, unamaanisha tu kwamba itabidi utafute mwenyewe.

Ofisi ya udahili itakupa asilimia. Dada yangu alipewa 95: asilimia 95 ya wahitimu wana kazi au wanaendelea na masomo. Tukauliza maswali matatu mafupi. Ni wahitimu wa programu hii au wa chuo kizima? Waliulizwa wangapi, na wakajibu wangapi? Kazi ina maana gani? Jibu lilipokuja, ilikuwa ni chuo kizima pamoja na shahada ya kwanza, waliojibu ni chini ya nusu, na kazi ilijumuisha ya saa chache kwa wiki. Hakuna aliyedanganya. Namba ilikuwa ya kweli, ila haikuwa yake.

Njia inayofanya kazi ni ya mguu kwa mguu. Ingia LinkedIn, fungua ukurasa wa chuo, sehemu ya wahitimu, chuja kwa somo na mwaka. Kwa programu ya watu saba kwa mwaka, ukipata kumi na tano wa miaka minne umepata zaidi ya nusu. Andika kwenye daftari: mwaka wa kuhitimu, kazi ya kwanza baada ya kuhitimu, na kazi aliyokuwa nayo kabla. Safu ya mwisho ndiyo yenye siri. Ukikuta meneja wa benki ambaye alikuwa meneja wa benki ileile kabla ya kuanza, masta haikumpa kazi, ilimkuta nayo. Watafute wenye majina ya kwetu au ya nchi nyingine za Afrika, maana njia yao ndiyo itakayofanana na yako.

Kisha waandikie watatu. Wawili waliomaliza na mmoja aliyeacha katikati, ukimpata. Aliyeacha ndiye atakayekueleza kuhusu ofisi ya fedha. Uliza kwa adabu, kwa ufupi, na usianze na "naomba unisaidie kupata skolashipu," watu wamechoka. Swali langu huwa moja: ungekuwa unaanza upya, ungelipia tena kwa fedha yako mwenyewe? Msikilize anavyovuta pumzi kabla ya kujibu.

Hatua ya tano: gharama, senti kwa senti

Kwanza tuliweke wazi hili punguzo. Vyuo binafsi vya Marekani hupanga ada ya juu na kisha kupunguza. Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza, tafiti za chama cha maofisa wa fedha wa vyuo, NACUBO, zimekuwa zikionyesha punguzo la wastani linalozidi nusu ya ada. Masta huwa na punguzo dogo zaidi, lakini desturi ni ileile. Barua inayosema umeshinda dola 8,000 ni sawa na muuza vitenge anayekuanzia elfu themanini ili umalizie arobaini na tano ukiwa na furaha. Furahi, lakini hesabu hiyo arobaini na tano.

Ada ya masta hutozwa kwa krediti, na programu nyingi ni krediti 30 hadi 36. Chukua mfano wa namba nilizoziweka mimi ili uone jinsi ya kupanga. Krediti 36 kwa dola 650 ni 23,400. Ada ndogondogo za teknolojia, maktaba na shughuli za wanafunzi, tuseme 900 kwa muhula, mihula minne ni 3,600. Bima ya afya, ambayo vyuo vingi humlazimisha mwanafunzi wa kigeni kuinunua, 2,400 kwa mwaka, miaka miwili ni 4,800. Chumba na chakula 1,100 kwa mwezi, miezi 22 ni 24,200. Jumla dola 56,000. Punguzo la 8,000 kwa mwaka linatoa 16,000, zinabaki 40,000. Hujanunua koti la baridi wala tiketi ya ndege. Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ombi la viza ni 185, na zote unazilipa kabla hujaonana na ofisa wa ubalozi.

"Nitafanya kazi" ndiyo sentensi inayofuata siku zote. Haya. Mwenye F-1 anaruhusiwa saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa na hakijapanda tangu 2009, ingawa majimbo mengi yana kima cha juu zaidi. Tuseme unapata dola 12. Saa 20 kwa wiki 30 ni dola 7,200 kwa mwaka kabla ya kodi. Na kwenye chuo kidogo kazi zenyewe zinahesabika: maktaba, mgahawa, ukumbi wa mazoezi. Muulize mwanafunzi aliyepo alisubiri muda gani kabla ya kupata. Zile shifti za usiku kwenye nyumba za wazee unazozisikia zinawasomesha watu huku ni za wenye ruhusa ya kazi. Kwa mwenye F-1 ni kuvunja masharti ya viza.

Maswali ya kuuliza ofisi ya fedha: punguzo ni la kila mwaka au la mwaka wa kwanza tu, linafutwa wastani ukishuka chini ya ngapi, ada ya krediti ilipanda kiasi gani miaka mitatu iliyopita, na nikichelewa kumaliza tasnifu natozwa nini kila muhula. Hilo la mwisho wengi hawaliulizi. Kumbuka pia kuwa makadirio yaliyo kwenye I-20, fomu ambayo chuo hukupa ya kuombea viza, kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo baba akionyesha akaunti yenye kiasi hicho amemaliza nusu ya kazi.

Kwa mwenye uraia au grini kadi, na nawafikiria hasa ndugu wa Kongo walioko Kentucky na Iowa wanaotaka kupanda kutoka usaidizi wa uuguzi, hesabu imebadilika. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imefunga Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Kwa masta ya kawaida mkopo wa serikali una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Programu za kitaaluma kama udaktari wa tiba na sheria zina 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Chuo kikikuambia kilichobaki utakopa benki binafsi, rudi kwenye daftari la hatua ya nne uone wahitimu wanalipwaje. Sheria hiyohiyo inaweza kuzinyima mikopo ya serikali programu ambazo wahitimu wake wanapata kipato kidogo kuliko watu wa kawaida wenye shahada ya kwanza. Ukijua hilo, muulize mkuu wa programu wao wamesimama wapi.

Hatua ya sita: chuo chenyewe kitakuwepo ukimaliza?

Miaka hii vyuo vidogo vya Marekani vinafungwa kama maduka baada ya sikukuu. Mount Ida kule Massachusetts kilifungwa 2018, Green Mountain cha Vermont 2019, Iowa Wesleyan na Cazenovia 2023. University of the Arts cha Philadelphia, chenye mizizi ya karne ya 19 na wanafunzi zaidi ya 1,000, kilitangaza tarehe 31 Mei 2024 kwamba kinafunga tarehe 7 Juni. Wiki moja. Siku hiyohiyo ya 31 Mei ndiyo Birmingham-Southern cha Alabama, kilichoanzishwa 1856, kilipofunga milango yake. Timu yao ya besiboli ilikuwa imefuzu mashindano ya kitaifa, ikaendelea kucheza kwa jina la chuo ambacho hakipo tena.

Chuo kikifungwa, Mmarekani aliyekopa serikalini ana njia ya kuomba deni lake lifutwe. Wewe uliyelipa kwa kuuza shamba la shangazi huna. Una kutafuta chuo kingine haraka na kuhamisha rekodi yako ya SEVIS, na krediti zako huenda zisikubaliwe zote.

Dalili zinaonekana mapema. Kwa chuo binafsi kisicho cha faida, ingia Nonprofit Explorer, tovuti ya shirika la habari la ProPublica, fungua fomu ya kodi ya 990. Ukurasa wa kwanza, mstari wa 19, kuna mapato ukitoa matumizi. Soma miaka minne au mitano. Hasara ya mwaka mmoja ni ajali. Hasara ya miaka minne mfululizo huku mstari wa 22, wa mali halisi, ukipungua, ni chuo kinachokula mbegu. Wizara ya Elimu pia hutoa alama ya afya ya fedha kwa vyuo binafsi, kutoka -1.0 hadi 3.0, na chini ya 1.5 ni shida. Kisha tafuta habari za gazeti la mji ule: wamepunguza walimu, wameuza jengo, rais mpya wa tatu katika miaka mitano? Vyuo vingine vilivyo chini ya kanisa moja kwa moja havitoi fomu ya 990. Hapo omba ripoti ya ukaguzi wa hesabu, uone watakujibu kwa lugha gani.

Hatua ya saba: kazi baada ya kuhitimu

Kila somo lina namba ya CIP, yaani ya kuainisha masomo, na ndiyo huandikwa kwenye I-20. Ukihitimu, OPT, ruhusa ya kazi kwa mhitimu wa F-1, inakupa miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yako. Somo likiwa kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) unaongezewa 24. MBA ya kawaida, 52.0201, haimo. Uchambuzi wa data za biashara, 30.7102, umo. Programu mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kutofautiana kwa miaka miwili ya maisha yako, kwa hiyo omba namba kwa maandishi. Maneno ya mdomo ya mtu wa udahili hayaandikwi kwenye I-20.

Ukiona tangazo la chuo kinachoahidi kazi ya nje ya chuo tangu siku ya kwanza kwa njia ya CPT, ruhusa ya kazi ya mazoezi ukiwa bado unasoma, simama. Kanuni kwa kawaida inataka mwaka mmoja wa masomo kwanza, na ina mwanya kwa programu za uzamili zinazohitaji mazoezi mara moja. Vipo vyuo vilivyogeuza mwanya huo kuwa biashara. Ukifanya CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi, OPT ya ngazi hiyo imekwenda, na ofisa wa uhamiaji wa baadaye atataka kujua ulikuwa unasoma au ulikuwa unanunua kibali.

Hatua ya nane: barua pepe moja

Usimwandikie mtu wa udahili, mwandikie mkuu wa programu. Jina lake liko kwenye ukurasa wa idara. Salimia, jitambulishe kwa sentensi mbili, kisha uliza:

1. Walioanza programu hii 2022 na 2023 walikuwa wangapi, na wamehitimu wangapi hadi leo?
2. Walimu wa kudumu ni wangapi, na yupo anayestaafu au kuondoka?
3. Kozi za lazima hutolewa kila muhula, kila mwaka, au mwaka mmoja baada ya mwingine?
4. Wanafunzi wa kigeni waliohitimu miaka mitatu iliyopita walipata kazi ya kwanza wapi?
5. Naweza kuzungumza na wawili wao?

Tulituma barua hiyo kwa vyuo viwili, kile kilichompa punguzo na kingine kilichokuwa kimemweka kwenye orodha ya kusubiri. Cha pili kilijibu baada ya siku mbili. Mwalimu aliandika mwenyewe: 2022 waliingia tisa, wakahitimu wanane, mmoja alirudi kwao kwa msiba. 2023 waliingia kumi na mmoja, wamehitimu tisa. Walimu wanne wa kudumu. Akataja miji na aina za kazi, akaomba siku chache awaulize wahitimu wawili kabla ya kutoa namba zao.

Cha kwanza kilijibu siku ya tisa, kutoka ofisi ya udahili, kwa brosha ileile yenye asilimia 95 na ukumbusho kuwa muda wa kulipa umesogezwa mbele kwa wiki mbili kwa ajili yake. Tukaandika tena, swali la kwanza peke yake. Wiki iliyofuata ukaja ukumbusho mwingine.

Zile dola 300 bado ziko M-Pesa.